Milima na Bandari za Ugiriki: Nyumba Zilizobaki na Watu Walioondoka



Juma hili tunawaalika Ugiriki. Hatuwapeleki Athens kwenye magofu ya kale ambayo kila mtoto wa shule ameyaona vitabuni, bali vijijini, milimani na pwani, ambako watu wa nchi hiyo wameishi kwa karne nyingi kwa ufugaji, uashi, ubaharia na kilimo cha mawe na jua. Tulikwenda kutazama nyumba, tukarudi tukiwaza watu. Kila tulipofika tulikuta swali lile lile linaloulizwa hivi leo Lamu, Shela na Mji wa Kale wa Mombasa: mji ukishasifiwa kwa uzuri wake, nani ataendelea kukaa ndani yake?

Ugiriki na Pwani yetu hazikujuana jana. Mnamo karne ya kwanza ya Miladi, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alieleza safari za majahazi hadi pwani aliyoiita Azania, mpaka soko la Rhapta, na akataja mashua zilizoshonwa kwa kamba. Kitabu chake, Periplus ya Bahari ya Eritrea, ndicho miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayotutaja. Na lugha nazo zina ukoo wake. Mgiriki wa kawaida husema habari kwa neno linalosikika kama “hambari”, dunia huiita “dunyas”, na akitaka kusema kwamba mambo yamekwenda kombo husema “hali”. Maneno hayo yalitoka Kiarabu, yakapita Kituruki, yakafika kwao. Kwetu yalikuja kwa pepo za musimu. Kwa hiyo msomaji asishangae akijikuta mgeni asiye mgeni sana.

Zagori, nchi ya mawe

Safari yetu ilianzia Ioannina, mji ulio kando ya ziwa katika jimbo la Epirus, kaskazini-magharibi mwa nchi. Ndani ya ngome yake ungali umesimama Msikiti wa Aslan Pasha, uliojengwa mwaka 1618, ambao leo ni makumbusho ya mji. Kutoka hapo barabara hupanda milima ya Pindus hadi Zagori, nchi ya vijiji 46 vilivyotawanyika pembezoni mwa Korongo la Vikos, ambalo kina chake mahali pengine hukaribia mita 1,000.

Kila kitu huko ni jiwe. Kuta ni za mawe, paa ni za vibamba vya mawe vilivyopangwa kama magamba ya samaki, na vichochoro vimesakafiwa kwa mawe. Kwa mbali kijiji hufanana na mlima uliokizaa, na mgeni huweza kukikaribia sana kabla ya kukitambua. Nyumba kubwa zimezungushiwa kuta ndefu zenye lango lililoezekwa, hata apitaye nje haoni yaliyomo uani. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa maana ya ukuta wa namna hiyo.

Lakini fahari ya Zagori ni madaraja. Karibu na kijiji cha Kipoi kuna daraja la matao matatu ambalo mgongo wake huinuka na kushuka kama wimbi, na si mbali nalo kuna jingine la tao moja, lililojengwa mwaka 1750 kati ya majabali mawili. Mengi ya madaraja haya yanaitwa kwa majina ya watu waliotoa fedha za kuyajenga au kuyatengeneza. Mito ya huko hukauka kiangazi, lakini theluji inapoyeyuka hufurika na kuua. Pasipo daraja, kijiji kimoja hakina habari za kijiji cha pili hata kama moshi wake unaonekana.

Waliojenga walikuwa waashi wa vijiji vya jirani, upande wa Konitsa. Walisafiri kwa makundi, kila kundi na kiongozi wake, wakilala ugenini miezi mingi ya mwaka, na walikuwa na lugha yao ya siri ili mwenye nyumba asijue wanasemezana nini juu ya kazi na ujira. Vyama vya mafundi wa namna hiyo viliitwa “isnafi”, neno lililotokana na Kiarabu “asnaf”. Katika Epirus yote husimuliwa utenzi wa daraja la Arta, ambalo kila usiku lilibomoka hata ikabidi mke wa fundi mkuu azikwe ndani ya nguzo yake. Ni hekaya, lakini imebeba jambo ambalo watu wa milimani walilijua vyema: kazi itakayodumu humgharimu mtu kilicho karibu naye.

Fedha nazo zilitoka wapi, katika ardhi isiyozaa nafaka za kutosha? Zilitoka safarini. Baada ya Waosmani kuipata Ioannina mwaka 1430, vijiji vya Zagori vilipata haki za pekee za kujiendeshea mambo yao na kulipa kodi kwa masharti nafuu. Wanaume wake wakaenda kufanya biashara Constantinople, miji ya Balkani na Misri, wengine kwa miaka mingi, wakiacha nyumba mikononi mwa wanawake. Walichokipata walikirudisha kwao: shule, chemchemi, makanisa, madaraja na nyumba tunazozisifu leo. Wahenga wetu walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Watu wa Zagori waliishi kwa msemo huo bila ya kuujua.

Wakfu juu ya kijiji

Jambo lililotugusa kuliko madaraja ni misitu. Juu ya vijiji vingi vya Zagori na Konitsa, pale mteremko unapokuwa mkali, kuna kipande cha msitu wa miti mikubwa mikongwe ilhali mlima wote pembeni uliwahi kukatwa kuni na kulishwa mbuzi. Misitu hiyo iliwekwa chini ya ulinzi wa kanisa au mtakatifu fulani. Ilikuwa marufuku kukata tawi, na aliyekata alihofia kutengwa na kanisa na kupatwa na balaa. Mengine ya maeneo hayo yanaitwa mpaka leo “vakufika”, yaani ya wakfu. Neno ni letu sote. Wakristo hao wa milimani walilipokea kutoka kwa watawala wao Waislamu, wakalitumia kuilinda miti yao.

Faida yake haikuwa ya kiroho peke yake. Msitu ule ndio uliozuia majabali yasiporomoke juu ya nyumba, ukapunguza kasi ya maji ya mvua, ukahifadhi chemchemi. Wazee waliweka amri ya dini mahali ambapo kijiji kingeangamia bila ya miti. Sisi wa Pwani tunao ndugu zetu Wamijikenda, ambao kaya zao ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008 kwa sababu iliyo jirani na hiyo: msitu umebaki kwa kuwa jamii iliuheshimu.

Hata hivyo msitu haukuweza kuzuia vita. Mwaka 1943 majeshi ya Ujerumani yalichoma vijiji vingi vya Epirus, vikiwamo vya Zagori. Punde vikafuata vita vya Wagiriki kwa Wagiriki, kuanzia 1946 hadi 1949, na milima hii ndiyo iliyokuwa uwanja wake. Vilipokwisha, vijana walishuka Athens, wakaenda Ujerumani na Australia. Safari hii wengi hawakurudi. Shule zilizojengwa kwa fedha za wasafiri zikafungwa kwa kukosa watoto.

Dawa moja, vijiji vitatu

Mwaka 1975 Shirika la Utalii la Taifa la Ugiriki lilianza mpango wa kuokoa makazi ya jadi. Nyumba zilizoachwa zilichukuliwa kwa makubaliano na wenyewe, zikatengenezwa kwa ustadi wa kale, zikatumika kama nyumba za wageni kwa muda, kisha zikarudishwa kwa wenyewe. Miongoni mwa vijiji vilivyochaguliwa vilikuwamo Papingo cha Zagori, Mesta katika kisiwa cha Chios, na Oia katika kisiwa cha Santorini. Dawa ilikuwa moja. Wagonjwa watatu waliipokea kila mmoja kwa namna yake, na hilo ndilo lililotufanya tuvifuate vyote vitatu.

Papingo imepona kuta zake. Paa zimetengenezwa na wageni huja kutembea kwa miguu korongoni. Mwaka 2023, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Riyadh, Zagori iliandikwa katika Urithi wa Dunia. Lakini wakaazi wa kudumu ni wachache, na katikati ya majira ya baridi mtu huweza kupita kichochoro kirefu asisikie ila maji ya chemchemi. Nyumba zipo salama, zinangoja sikukuu.

Mesta, kijiji cha machozi

Chios ni kisiwa kilicho kilomita chache tu kutoka pwani ya Uturuki. Kusini mwake kuna vijiji vinavyoishi kwa mti mmoja mdogo uliopinda, ambao ukikatwa gome hutoa utomvu unaoganda kama chozi. Utomvu huo huitwa mastiha, na Waarabu huuita mastaka. Hutafunwa, hutiwa katika vitu vitamu na manukato, na uliwahi kutafutwa sana kwa kutengenezea vanishi, kama ilivyotafutwa sandarusi ya Pwani yetu katika karne ya 19.

Wageni wa Genoa, waliokitawala kisiwa kuanzia 1346 hadi 1566, ndio walioijenga biashara hiyo kwa mkono wa chuma, na Mesta ni kazi ya zama zao. Kijiji hakina ukuta wa nje: migongo ya nyumba za pembeni ndiyo ukuta, isiyo na dirisha wala mlango upande wa bahari na maharamia. Ndani, vichochoro hupita chini ya matao, na paa zote zimekaribiana kimo, hata watu waliweza kukimbia juu yake kuelekea mnara wa katikati. Kijiji jirani cha Pyrgi kimepamba kuta zake kwa namna nyingine: lipu hupakwa, kisha mafundi huikwangua kuwa pembetatu na nyota nyeupe na kijivu. Aliyezoea nakshi za chokaa katika zidaka za Lamu atasimama hapo kwa muda.

Mti huu uliwahi kuokoa roho za watu. Mwaka 1822, wakati wa vita vya uhuru wa Wagiriki, majeshi ya Waosmani yaliua na kuteka watumwa makumi ya maelfu ya watu wa Chios. Ni dhulma isiyofichika, nasi hatuna haja ya kuificha kwa kuwa waliotenda walikuwa wa dini yetu; haki haina kabila. Vijiji vya mastiha vilisalimika kwa sehemu kubwa kwa kuwa jumba la Sultani lilihitaji utomvu wake, na hapakuwa na watu wengine wajuao kuuvuna.

Kuuvuna si kazi ndogo. Kiangazi mkulima husafisha ardhi chini ya mti, akaitandaza udongo mweupe, kisha huchanja gome kwa uangalifu. Matone huanguka juu ya weupe huo na kukauka kwa siku nyingi kabla ya kuokotwa. Majira ya baridi wanawake huketi pamoja wakichambua punje moja moja kwa kisu kidogo, maneno yakienda na kazi. Mti mmoja kwa mwaka hautoi hata robo kilo. Tangu 1938 wakulima wanao ushirika wao wenyewe unaokusanya na kuuza mavuno ya wote, na mwaka 2014 ujuzi huo ulitambuliwa na UNESCO. Mwaka 2012 moto uliunguza sehemu kubwa ya mashamba, wakapanda upya, wakijua kuwa mti mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa chozi la kwanza.

Hapa ndipo tulipoiona tofauti. Mesta nayo ina nyumba za wageni, lakini mgeni anakuta watu wana shughuli zao. Haikukaa ikimngoja mtalii, ilikuwa shambani. Uzuri wake ni ziada juu ya riziki.

Oia, kijiji kilichouzwa kwa machweo

Oia imekaa ukingoni mwa jabali, juu ya bahari iliyojaza shimo la volkano. Picha yake mmeiona hata kama jina hamlijui: nyeupe tupu juu ya buluu. Wachache hujua kwamba ulikuwa mji wa manahodha. Katika karne ya 19 merikebu zake za tanga zilibeba shehena hadi bandari za Urusi na Misri. Manahodha walijenga majumba juu ya ukingo, na mabaharia walichimba vyumba vyao ndani ya jabali lenyewe, katika majivu magumu ya volkano, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kununua mawe na mbao. Udongo huo wa Santorini ulisafirishwa pia kwenda Misri kwa ujenzi wa Mfereji wa Suez. Mfereji ukafunguliwa 1869, meli za moshi zikashika njia za bahari, na tanga zikaanza kushushwa. Watu wa majahazi watafahamu uchungu wa habari hiyo bila ya kufafanuliwa.

Tarehe 9 Julai 1956 ardhi ilitetemeka. Zaidi ya watu 50 walikufa kisiwani, nyumba za Oia zikaporomoka, na wengi wakahamia Athens. Mpango wa 1975 ulikikuta kijiji kikiwa magofu, ukakifufua. Kufufuka kwenyewe kulizidi mipaka. Leo kisiwa chenye wakaazi takriban 15,000 hupokea wageni zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Vile vyumba vya mabaharia maskini vimekuwa malazi ya matajiri, na mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kazi kisiwani hupata tabu kubwa ya kupata chumba cha kupanga. Jioni, maelfu husongamana kwenye vichochoro kutazama jua likizama, kisha huondoka. Mapema mwaka 2025 mitetemeko ilipofululiza, zaidi ya watu 10,000 waliondoka kisiwani kwa siku chache.

Hatuwalaumu watu wa Oia. Walikuwa na njaa, na mgeni alikuja na fedha. Lakini tulipokuwa tukipita hapo usiku tulitafuta dirisha lenye sauti ya familia inayokula chakula cha jioni, tukalikosa kwa muda mrefu.

Echinos, kijiji kisichopambwa

Mwisho tulikwenda upande wa pili wa nchi, Thrace, karibu na mpaka wa Bulgaria. Tarehe 30 Januari 1923 Ugiriki na Uturuki zilitia sahihi mjini Lausanne mkataba wa kubadilishana watu kwa dini zao. Wakristo wapatao milioni 1.2 waliondoka au walikuwa wameshakimbia Uturuki, na Waislamu wasiopungua laki tatu na nusu waliondolewa Ugiriki, wakiwamo wa Krete ambao wengi hawakujua lugha yoyote ila Kigiriki. Waislamu wa Thrace Magharibi waliachwa, sawa na Wagiriki wa Istanbul.

Ndiyo sababu ukipanda milima kaskazini ya Xanthi, unakuta minara ya misikiti. Wapomaki wa Echinos na vijiji vya jirani husema lugha iliyo karibu na Kibulgaria, na kwa vizazi wamelima tumbaku kwenye vijishamba vya mteremkoni. Maisha yao hayakuwa mepesi. Hadi katikati ya miaka ya 1990 eneo lao lilikuwa la kijeshi, na mtu wa nje hakuingia bila kibali. Hakuna aliyewapaka nyumba rangi kwa ajili ya picha. Lakini watoto walikuwa wakikimbia njiani wakati wa kutoka madrasa, na kahawa tuliyokaribishwa ilitoka katika chombo ambacho ni ndugu wa dele letu. Baadhi ya vijana huenda ng’ambo kutafuta kazi, kama kwingineko. Kijiji chenyewe kingali na wenyewe.

Tulichorudi nacho

Kwa familia itakayopenda kuifuata njia hii, tunashauri majira ya Mei au Septemba, jua likiwa la wastani. Chakula hakina shida kubwa: samaki, maharage, mboga, zaituni na mikate ya kuokwa yenye mchicha hupatikana kila mahali, ingawa ni vyema kuuliza kama mvinyo umetiwa. Athens una msikiti rasmi tangu Novemba 2020. Huko Thrace mtasikia adhana.

Zaidi ya hayo tumerudi na fikra moja. Lamu iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tangu hapo nyumba zake zimepata thamani ambayo babu zetu hawakuiota. Tunayo pia magofu ya Gede na Takwa yanayotukumbusha kwamba mji wa mawe huweza kubaki bila ya watu. Kati ya Papingo yenye kuta salama, Oia yenye fedha, Mesta yenye kazi na Echinos yenye watoto, tunadhani viwili vya mwisho ndivyo vilivyo hai zaidi. Na kilichovibakisha si sifa za wageni: ni mashamba, ushirika, ibada ya pamoja, na watu wenye sababu ya kuamka hapo asubuhi.

Wazee wetu walituachia chombo ambacho watu wa Zagori walikiazima hata jina. Nyumba au kisima kikiwekwa wakfu hakiuzwi na mrithi mmoja aliyebanwa na deni. Hubaki kwa ajili ya kizazi kijacho. Basi familia yoyote inayokusudia kuuza nyumba ya ukoo, kabla ya kumwita dalali, iketi barazani mara moja, wakubwa kwa wadogo, wanawake kwa wanaume, ijiulize: nani kati yetu angeweza kuishi humu akipata kazi karibu? Kama yupo, ni kitu gani tukiweke wakfu leo ili aweze kubaki?